Mama kalazwa Mbeya, HR anasema nina siku 10 tu na nizisubiri Desemba

Binti wa Masoko

Wakuu, habari za humu. Mnivumilie, nimeandika ndefu, maana nikifupisha mtaniuliza mambo ambayo ningeyasema mwenyewe.

Nafanya kazi Mafinga, kiwanda cha mbao, upande wa kukausha zile mbao nyembamba kama karatasi zinazogundishwa mpaka ziwe plaiwudi. Nilianza Aprili 2023, nikamaliza majaribio, nikapewa mkataba wa kudumu. Nina mtoto wa miaka mitatu. Baba yake ni mtu wa malori, leo yuko Makambako kesho Tunduma, kwa hiyo mtoto ni wangu na dada wa kazi. Kwetu ni Rungwe, kule Masoko.

Jumapili ya wiki iliyopita mama alianguka akitoka ibadani. Mdomo ukapinda, mkono wa kulia ukawa hauna kazi. Wakampandisha Tukuyu, Tukuyu wakasema apelekwe Mbeya, na ninavyoandika hapa bado yuko wodini. Kiharusi. Daktari alituambia tushukuru yuko hai, sasa kazi iliyobaki ni mazoezi, kulishwa taratibu asipaliwe, na kugeuzwa kitandani kila baada ya masaa mawili asitoke vidonda. Anayemgeuza ni mdogo wangu wa kidato cha pili, ambaye kaacha shule kwa ajili hiyo na Novemba ana mtihani wa taifa. Kaka yetu yuko Tunduma, ana duka, anatuma hela. Hela inafika, mikono haifiki.

Jumamosi nilitoka zamu jioni nikapanda basi, alfajiri niko Mbeya. Nikamwogesha mama, nikamnywesha uji vikombe viwili kwa saa nzima, nikamkata kucha. Saa nane mchana nipo stendi narudi, maana Jumatatu saa moja asubuhi natakiwa kwenye mashine. Sasa nitaenda hivi mara ngapi?

Usiku ule nikatafuta kwenye simu likizo ya kuuguza mzazi. Ikaja sheria inaitwa likizo ya familia na matibabu. Wiki 12! Na mzazi kaandikwa kwa jina, siyo kwa kubahatisha. Nikaitafsiri kwa programu ya simu, kesho yake nikapita stesheneri nikachapisha kurasa nne, nikazipiga pini, nikaenda ofisini kwa HR kifua mbele. Yule kaka si mtu mbaya, sitamsingizia. Akasoma ukurasa wa kwanza, akainua macho, akaniuliza: "Dada, Idara ya Kazi iliyotajwa hapa iko Washington. Nikupe likizo ya Marekani?" Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka nao, machozi nikaenda kuyamalizia chooni.

Baadaye akafungua faili langu akanisomea. Likizo ya mwaka ni siku 28. Juni nilichukua 14, kipaimara cha mdogo wangu. Mei mwanangu alilazwa homa ya mapafu, nilikaa naye siku 4. Zimebaki 10. Na hizo 10 kazipanga Desemba, kiwanda kinapofungwa mashine zifanyiwe matengenezo. Nikitaka kabla ya hapo niandike barua, meneja ataamua.

Maswali yangu ni haya. Kwetu hapa kuna likizo ya kuuguza mzazi au haipo? Hizo siku 10 wana haki ya kuzishikilia mpaka Desemba? Na nikiondoka tu, nikapiga simu nikiwa njiani, watanifanya nini?

---

Chuma cha Uyole

Pole sana dada. Mbona mambo marahisi, tafuta ED, ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi. Mgongo unauma, kichwa kinazunguka, nani atakupima kizunguzungu? Siku tano hizo, zikiisha unaongeza tano. Nusu ya kiwanda chenu ndivyo wanavyoishi, usijifanye wewe ndiye mtakatifu.

---

Mzee wa Parachichi

Kamwene binti. Pole kwa mama.

Nilifanya kazi mashamba ya chai Mufindi miaka mingi, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Sasa nimestaafu niko Njombe na miti yangu. Barua za likizo nimeandikia watu mpaka nilizijua kwa kichwa kama sala, kwa hiyo nitajibu nikiwa na uhakika.

Kwanza huyu wa Uyole. Kijana, ukimpeleka mtu wa watu kwenye ED ya uongo umemwandalia kufukuzwa, na akifukuzwa kwa udanganyifu hata Tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi haitamwonea huruma. ED ni ya mgonjwa mwenyewe. Na binti usijichezee, hiyo akiba ya ugonjwa ni kubwa na siku moja utaihitaji kweli: siku 126 ndani ya miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Ukishajulikana ofisini kuwa ni mtu wa vyeti vya mgongo, siku utakapovunjika mguu kweli watakuangalia kwa jicho la pembeni.

Sasa swali lako la kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inatoa angalau siku 4 zenye malipo kwa sababu mbili. Moja ni mtoto wako kuugua au kufariki. Ya pili ni kufiwa na mwenzi wako, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Rudia kusoma taratibu. Kuugua kumeandikwa kwa mtoto tu. Mzazi kaandikwa kwenye kifo. Kwa hiyo jibu ni kwamba haki ya kuuguza mama, yenye jina hilo, hakuna. Mama mdogo, mjomba, mama mkwe, hao hata kwenye kufiwa hawamo, ingawa kwetu huku mama mdogo ndiye aliyekubeba mgongoni. Nimewahi kubishana na meneja mzungu kuhusu mama mkubwa wa mtu. Nilishindwa.

Lakini umeandika jambo moja kama la kupita, na mimi hapo ndipo nilipoweka chini kikombe. Mei mtoto wako alilazwa, ukakaa naye siku 4, na siku hizo wamezikata kwenye 28 zako. Hizo siku hazikuwa za likizo ya mwaka. Mtoto kuugua ndiyo sababu ya kwanza kabisa ya kifungu hicho. Na sheria hiyohiyo, kwenye likizo ya mwaka, inamkataza mwajiri kumtaka mtu, au hata kumruhusu, atumie likizo ya mwaka mahali pa likizo nyingine anayostahili. Maana yake hata kama ulisaini fomu yenye neno "likizo ya mwaka" bado si sawa. Wakurudishie 4. Salio lako ni 14.

Wanachoweza kukata kwenye 28 ni ruhusa ya dharura yenye malipo uliyoiomba mwenyewe, ile ambayo sheria haimlazimishi mwajiri kukupa. Ndiyo maana maofisa wengi huchanganya. Wanaona umetoka ghafla siku nne, wanaandika dharura, wanakata. Si lazima iwe ni hila. Mara nyingi ni uvivu wa kusoma.

Swali la pili. Kupanga lini uende likizo ya mwaka, hapo mwajiri ana nguvu. Anaweza kuchagua wakati, mradi asivuke miezi 6 baada ya mzunguko wako wa mwaka kuisha, na akivuka iwe kwa ridhaa yako na sababu za kazi. Kwa hiyo Desemba yake haivunji sheria. Hapo huendi kudai, unaenda kuomba. Zile 4 ndizo za kudai. Usizichanganye kwenye aya moja ya barua, maana ukichanganya, sauti ya kudai inaharibu ya kuomba.

Swali la tatu. Usithubutu kuondoka kwa simu. Utoro wa zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa au bila sababu inayokubalika ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Nimeona mama mmoja kafukuzwa hivyo, mchumaji hodari kuliko wote, akidhani kumwambia msimamizi wake kwa mdomo kumetosha. Msimamizi akasema hakumbuki.

Uliza pia kama hapo kiwandani kuna chama na kama kuna mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri. Sheria ni sakafu. Mkataba wa hali bora unaweza kupanda juu yake, na sisi kwenye chai tuliwahi kupata vitu ambavyo kwenye sheria havimo.

---

Mnyalu Ughaibuni

Dada pole, hizo kurasa nne zako zimenichekesha na kuniumiza, maana mimi niko Ohio na hiyo sheria ndiyo ya huku. Ilisainiwa Februari 1993, rais akiwa Clinton. Kwa hiyo hukukosea kusoma, ulikosea nchi.

Ila usiionee wivu sana. Hizo wiki 12 ni bila mshahara. Wanakutunzia kazi yako na bima ya afya iendelee, basi, kodi ya nyumba utajua mwenyewe. Na si kila mtu anaipata. Uwe umefanya kazi kwa mwajiri huyo miezi 12, uwe umefikisha masaa 1,250 ndani ya miezi 12 ya karibuni, na mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi ndani ya maili 75 kutoka kituo chako. Majimbo kadhaa yameongeza ya kwao yenye malipo, California ilianza 2004, lakini huku nilipo mimi hakuna kitu kama hicho.

Mimi nafanya kazi nyumba ya kulea wazee. Baba alipougua Ilula nilienda kuomba kwa furaha kama wewe. Tulikuwa wafanyakazi kama ishirini. Mwenye nyumba akaniambia sheria haimgusi, na kweli haimgusi. Kazi yangu ni kugeuza wazee wa watu kitandani kila baada ya masaa mawili, halafu wangu niligeuziwa na jirani.

Na Mzee, umesema mama mkwe kwenu hayumo. Huku pia hayumo. Huyo mwanamke hana bahati nchi zote.

---

Roli Nyekundu

Mimi ni baba, naongezea la kwangu. Mke wangu alijifungulia kwao Njombe, mimi niko njiani kurudi kutoka mpakani. Nikafika baada ya siku tisa, mtoto keshapewa jina. Nikaenda ofisini kuomba zile siku 3 za baba, nikaambiwa zimeshapita. Nikagomba sana. Kumbe kweli sheria inasema zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Hakuna aliyenidhulumu, ila hakuna aliyewahi kuniambia pia, na miaka minne nimeendesha gari la yule tajiri. Akina baba wa humu, pigeni simu siku hiyohiyo mtoto anapolia, andikeni hata meseji, muombe kabla hamjashuka Igawa.

---

Jani Bichi

Samahani kuingilia mada ya mwenzangu. Mimi nachuma chai Igowole, mikataba yetu ni ya miezi mitatu mitatu. Ikiisha tunakaa wiki mbili, tunaitwa tena. Msimamizi anasema sisi hatuna likizo yoyote kwa sababu hatujafikisha miezi sita. Mwaka huu ni mara ya tatu naitwa. Mzee hapo vipi?

---

Mzee wa Parachichi

Binti wa chai, hilo la miezi sita wanakusomea nusu. Ni kweli mwenye chini ya miezi 6 kazini hana likizo za malipo. Lakini mstari unaofuata unasema mfanyakazi wa msimu anazo, na aliyefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwaka kwa mwajiri yuleyule anazo pia, ikiwa jumla ya muda wake mwaka huo imezidi miezi 6. Mitatu, mitatu, na hii ya tatu umeianza: hesabu mwenyewe. Zile wiki mbili za kukaa nyumbani hazifuti ulichofanya. Tunza kila mkataba na kila karatasi ya malipo, hata iliyoloa. Kwangu kulikuwa na akina mama wanatunza kwenye mfuko wa sukari ndani ya debe la mahindi, na hao ndio walioshinda.

---

Fundi Msumeno

Nyie mna bahati mnajadili siku 28. Sisi wa dingdong, hizi mashine ndogo za kupasulia mbao, huku msituni, mashine ikilala na wewe unalala, hakuna mkataba hakuna barua. Mwenzetu alikatwa kidole tukachangishana. Endeleeni tu, tunasoma.

---

Binti wa Masoko

Shikamoo Mzee. Nashukuru sana, na wengine wote.

Nimesoma hiyo ya kifungu cha 34 nikarudia mara tatu. Yaani sheria inanipa siku za kumzika mama lakini hainipi siku ya kumnywesha uji. Sijui nani alikaa akaiandika, labda mama yake alikuwa mzima.

Chuma, sitachukua ED. Siyo utakatifu. Naogopa tu kusema naumwa wakati mama ndiye anaumwa, kwetu tunaona kama unajiitia.

Nimeangalia ile fomu ya Mei. Niliijaza mimi mwenyewe, mwandiko wangu, pale kwenye aina ya likizo nimeweka alama "ya mwaka". Kaunta walikuwa na fomu za aina moja tu na nilikuwa nataka kukimbia hospitali. Karatasi ya kuruhusiwa ya mtoto ninayo, ina tarehe. Je, hiyo alama niliyoweka hainifungi? Na chama hapa kipo, lakini mwakilishi wetu aliacha kazi Februari na hajachaguliwa mwingine. Mkataba wa hali bora hakuna anayejua uko wapi.

Halafu naogopa. Nikianza kudai siku 4, meneja hatanikasirikia akaninyima na hizo za kuomba?

---

Mzee wa Parachichi

Marahaba. Alama yako haikufungi, nilishasema, mwajiri haruhusiwi hata kukubali. Karatasi ya hospitali ndiyo itakayosema badala yako, kwa sababu mwajiri anayo haki ya kutaka uthibitisho wa tukio, na wewe unao.

Andika barua mbili, siku mbili tofauti. Ya kwanza kwa HR peke yake, fupi, ya kurekebisha kumbukumbu: tarehe fulani mpaka fulani mwanangu alilazwa, naambatisha nakala, siku hizi zimeandikwa likizo ya mwaka kwa makosa, naomba zihamishiwe kifungu cha 34 na salio langu lisomeke 14. Usiandike neno "haki" wala "nitachukua hatua". Mwache aone ni kosa la makaratasi, alirekebishe bila kupoteza heshima yake. Yule si alicheka mbele ya ofisi nzima? Sasa unamdai kidogo, hata kama hajui.

Akisharekebisha ndipo unaandika ya pili kwa meneja. Humo unaomba siku 14 mapema kwa sababu ya mama, unaeleza nani atashika mashine yako. Hilo la mwisho ndilo wanalolisoma kwanza. Tafuta mwenzako wa zamu nyingine akubali, mtaje.

Na hesabu vizuri. Siku za likizo ya mwaka ni za mfululizo, Jumapili zimo, sikukuu zimo, Oktoba 14 ikiangukia humo nayo imo. Kwa hiyo omba ianze Jumatatu. Jumamosi ukitoka zamu unapanda basi kama ulivyozoea, Jumapili ile ni ya kwako bure, na wiki mbili zinaishia Jumapili nyingine. Ukianza Alhamisi unaipoteza hiyo.

Ujue pia hizo 4 za kifungu cha 34 mzunguko wake ni miezi 36, si mwaka. Ukishazitumia kwa mtoto usitegemee mwakani zinaanza upya. Mungu amwinue mama, lakini ni vizuri ujue mfuko wako una nini.

Baada ya hapo kama bado anahitaji mtu, likizo bila malipo ni ya kuelewana na meneja. Iandikwe, isainiwe, iwe na tarehe ya kurudi.

Akikataa kurudisha zile 4 kabisa, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, wana ofisi Iringa. Mgogoro wa namna hii unapelekwa ndani ya siku 60, ukichelewa unaanza kwanza kuomba kuruhusiwa kuchelewa. Lakini kwa siku nne, na mama wodini, mimi ningemaliza pale mezani. Nimekaa kwenye mabenchi ya usuluhishi, yanachosha mgongo kuliko kuchuma.

---

Binti wa Masoko

Naleta mrejesho, samahani nimechelewa, chaji ya simu wodini ni ya kugombania.

Barua ya kwanza nilipeleka Jumanne. HR akaisoma, akaenda kabatini, akarudi na kitabu cha sheria chenye vumbi. Akasoma kimya muda mrefu. Akasema, "Hii fomu yetu ndiyo mbovu." Akachukua kalamu akakata pale kwenye faili, 10 ikawa 14, akasaini pembeni. Halafu akaniambia kuna wenzangu wawili wa kike nao walikatwa hivyohivyo mwaka huu, watoto wao waliugua, na mmoja hajawahi hata kuuliza. Nikatoka mle sijui nifurahi au nikasirike.

Ya pili kwa meneja ilikuwa ngumu zaidi. Alisema oda ni nyingi, subiri mwisho wa mwezi. Nikamwambia dada wa zamu ya usiku amekubali kubadilishana na msaidizi wangu, jina lake liko kwenye barua. Akaniuliza kama kazi ya kukausha anaijua. Nikamwambia yeye ndiye aliyenifundisha. Akasaini. Siku 14, kuanzia Jumatatu, Mzee, Jumatatu kabisa kama ulivyosema. Za bila mshahara niliomba 10, kasema tutaongea nikirudi. Hajakataa, hajakubali, na wala sijaandikiwa kitu, kwa hiyo sizihesabu.

Kaka wa Tunduma tulimpigia kikao cha simu, mimi na shangazi. Wiki ya tatu wifi ataacha duka aje ashike zamu. Kaka alianza na maneno ya nani atauza, shangazi akamuuliza yeye alinyonya kwa nani. Kikao kikaishia hapo.

Mama anameza vizuri sasa. Mkono bado. Jana alitaka kusema kitu, tukahangaika naye karibu nusu saa, kumbe anauliza nani anakama ng'ombe. Mdogo wangu nimempandisha Coaster ya Tukuyu leo asubuhi, begi la shule mgongoni, daftari la Fizikia lina madoa ya uji.

---

Chuma cha Uyole

Dada mimi ndiye yule wa ED, nimenyamaza nikasoma yote. Niko hapahapa Uyole na bodaboda. Kesho mchana naleta chapati na maharage, nawe upumzike hata nusu saa. Wodi gani?

---

Binti wa Masoko

Nimekujibu pembeni kaka. Mama anakula uji tu, chapati ni zangu. Lete na chaja ya simu kama unayo.